Mshika Sifuri

Kazi yangu katika manispaa ya Tororo
ni kushika sifuri.
Mama Nyafwono, afisa wa leseni,
huenda na upande wenye tarakimu, akisoma kwa sauti,
nami huchuchumaa kizingitini pa nyumba ya kamari,
kidole gumba juu ya kile chuma cha utepe,
nisiteleze.

Kanuni haina maneno mengi.
Toka mlango wa mchezo hadi shule
umbali uwe huu, usipungue.
Haisemi upimie wapi.

Bwana Emojong alikuwa na lake la kusema.
Shukeni hivi, piteni kinuni,
lizungukeni duka la saruji, kisha kushoto:
"Mtu mstaarabu hufuata njia."
Na kweli, kwa njia, utepe tuliukunjua mara kumi na moja
tukafika langoni na mita za akiba.
Karatasi zake zote zilikuwapo,
risiti ya benki, barua ya mwenyekiti,
cheti kutoka Kampala chenye muhuri mwekundu.
Fremu tayari. Hata msumari tayari, ukutani,
ukingoja leseni ya kwetu.
Akatuletea soda.
Mama Nyafwono hakuifungua yake.
Mimi niliifungua yangu. Acha niseme ukweli.

Ndani, mashine tano
zinawakawaka mchana kweupe
kama wachumba waliovishwa mapema mno.
Zitazame sarafu zetu:
mia ina ng'ombe wa pembe ndefu,
mia mbili ina samaki,
mia tano ina korongo na taji lake.
Mashine haichagui nyama.
Inameza zizi, inameza ziwa,
inammeza ndege wa bendera na manyoya yake,
halafu inacheua shilingi mbili tatu
ili usiondoke.

Mbele ya mashine ya tatu
palikuwa na kreti ya soda, imepinduliwa.
"Hii ya nini?"
"Ya mteja mfupi," akasema Emojong, akicheka,
kisha akaacha kucheka.

Mama Nyafwono akatoka kwa mlango wa nyuma.
"Wewe, usiachie hapo."
Nikasikia utepe ukijivuta kwenye majani ya viazi,
moja kwa moja, bila kona,
hadi kwenye ua wa shule, penye tundu
lililolainishwa na migongo.
Hakuukunjua mara ya pili.
"Ishirini na sita!"
Na ndani ya tundu lenyewe, nusu huku nusu kule,
mtoto, Oketcho jina lake,
shati limechanika kwa umbo la waya ule ule,
ngumi imefumbwa.
Akatuamkia vizuri sana.
Ngumi hakuifumbua.

Fomu ina kisanduku kimoja cha umbali.
Mama aliandika namba mbili, akizibananisha:
kwa barabara, hii;
kwa mtoto, ishirini na sita.
Faili likapanda ghorofani.
Huko juu mimi sipajui.

Siku tisa baadaye Emojong alinunua waya mpya,
akauziba ua kwa gharama yake.
Mwalimu mkuu akamshukuru mbele ya wazazi,
wakampigia makofi, na mimi nilipiga.
Juzi nimepita: kuna tundu jingine,
hatua mbili kutoka lile la zamani,
bado lina ncha kali.

Sijamwambia Mama Nyafwono kuhusu Aprili.
Mshahara wangu wa Aprili uliishia Mbale,
kwenye nyumba halali kabisa,
leseni ndani ya kioo, umbali wake sahihi,
hakuna shule karibu, hakuna kreti,
mimi tu, mtu mzima, kimo changu kikitosha.
Nilirudi na nauli ya kuazima.
Kwa hiyo sifuri naijua
kuliko anavyodhani.

Leo tumeitwa tena, faili limeshuka na swali:
pimeni upya.
Vumbi la saruji limetanda kama unga juu ya viazi.
Nimechuchumaa pale pale.
Kutoka mbali, karibu na ua, ananiita:
"Umeshika?"

Nimeshika, Mama.
Soma.